Ujumbe Umefumbwa, Nakala Je?

"Sina wasiwasi, WhatsApp imefumbwa." Utalisikia Kilindini kwa mawakala wa forodha, utalisikia kwa mweka hazina wa chama. Maana yake ujumbe umegeuzwa maandishi yasiyosomeka na asiye na ufunguo. Laiti lingekuwa kweli lote.

Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp hufumbwa simu hadi simu, sawa. Kinachofumbwa ni safari. Ukishafika, kama umeruhusu nakala rudufu, ujumbe hupandishwa Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya simu za Android, na huko haufumbwi hivyo mpaka mwenyewe uwashe. Picha ya kitambulisho na PIN ya KRA, namba yako ya kodi, uliyomtumia wakala imo humo. Ingia Mipangilio, Gumzo, kisha Nakala ya gumzo. Shuka hadi kwenye nakala iliyofumbwa mwanzo hadi mwisho, uiwashe. Utachagua neno la siri au ufunguo wa tarakimu 64. Uandike karatasini, si ndani ya simu ile ile: simu ikiibwa na ufunguo umekwenda nayo, hakuna wa kukurudishia gumzo, hata kampuni yenyewe. Na kuwasha kwako hakufumbi nakala ya mwenzio. Grupu la watu 40 lina simu 40 za kutilia shaka.

Tena kufumba hakufichi nani kaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi. Hayo mwenye jukwaa anayaona.

Halafu saiba, duka la kompyuta za kukodi. Mtu ataka kuchapisha hati ya mzigo, anaunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya duka, anachukua karatasi zake, huyoo anakimbilia feri ya Likoni. Kompyuta imebaki na gumzo lake wazi. Haijitoi yenyewe mpaka simu ikae zaidi ya siku 14 bila kutumika, na nani hapa Mombasa anaiacha simu siku 14? Fungua Vifaa vilivyounganishwa, ondoa kila usichokitambua. Hati za kuchapisha zibebe kwenye flashi.

"Basi nitahamia Telegram." Kule gumzo la kawaida hukaa kwenye seva zao na funguo wanazo wao. Kinachofumbwa kikweli ni gumzo la siri la watu wawili, magrupu hayamo.

"WhatsApp ni ya bure, kwa hivyo ni huru." Kiswahili kimetutenganishia, tusivichanganye. Bure ni bei. Huru ni kwamba unaweza kusoma msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, kuubadilisha na kuusambaza. Msimbo wa WhatsApp umefungwa; unaambiwa imefumbwa, unaitikia. Wa Signal, programu nyingine ya ujumbe, uko wazi, na mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilipodai taarifa za mteja, walichokuwa nacho ni tarehe ya kujisajili na ya mwisho kuunganishwa. Lakini bado yataka namba ya simu. Usiyetaka hata hilo, pakua programu ya Conversations kutoka F-Droid, duka la programu huru za Android: hutumia XMPP, mfumo wa ujumbe usiomilikiwa na kampuni moja, na seva unachagua mwenyewe.

"GB, ile WhatsApp isiyo rasmi, inanipa uhuru zaidi." Inakupa rangi na tiki za kuficha. Msimbo wake nao umefungwa, aliyeutengeneza humjui, na meseji zako anaweza kuzisoma zikiwa hazijafumbwa. Ifute, sakinisha ile rasmi, na siku hiyo hiyo weka uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu 6. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa.