Amerikani na jeso: kazi kabla ya rangi

Rangi ikibanduka kwenye picha, lawama huiangukia rangi. Mara nyingi kosa liko chini yake. Hapa Nairobi wengi wetu huchora juu ya amerikani, ile pamba isiyopaushwa inayouzwa kwa mita, na kitambaa hicho kina ukaidi wake.

Amerikani mpya ina wanga wa kiwandani, tena husinyaa ikilowa. Iloweke usiku kucha, ifue, ipige pasi ingali na unyevunyevu. Ukiiwamba bila kuifua, maji ya jeso, ile rangi nyeupe ya msingi inayopakwa kabla ya kuchora, yataisinyaza ikiwa tayari kwenye fremu, na mbao nyembamba zitapinda.

Fremu iwe ya mbao kavu, inchi mbili kwa moja. Mwambie fundi apige randa upande wa mbele, uteremke kuelekea ndani, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje tu. Bila mteremko huo, kila ukipitisha brashi ubao utajichora kama mstari uliopauka kuzunguka picha nzima, na mstari huo hautoki. Pima pembe kwa pembe. Vipimo viwili visipolingana, fremu imeenda upande. Ikizidi sentimita 90, weka ubao wa kati.

Kitambaa kizidi fremu kwa sentimita 5 kila upande. Piga stepla katikati ya upande mmoja, kisha mkabala wake, halafu pande mbili zilizobaki, ukisogea kwa zamu kuelekea pembe. Anayeanzia pembeni hupata mikunjo.

Sasa jeso. Koti la kwanza lizimue kwa maji, sehemu 1 ya maji kwa 4 za jeso, ulisugue liingie kwenye nyuzi. Koti la pili lipake likikatiza la kwanza, bila maji. Kati ya makoti subiri likauke, kisha pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi. Makoti 3 yanatosha rangi ya akriliki. Kwa rangi ya mafuta weka 4, kwa sababu mafuta ya kitani yakifika kwenye pamba huiozesha polepole, hadi iwe ya kuchanika kama karatasi kuukuu. Inua kanvasi uitazame dhidi ya dirisha: vitundu vikipitisha mwanga, ongeza koti.

Najua kupaka rangi ya ukuta badala ya jeso ni rahisi mfukoni. Mimi siitumii. Ile ya bei ya chini huwa na chaki nyingi na gundi kidogo. Ukutani inakaa kwa sababu ukuta haukunjiki. Kunja kanvasi kwa safari, utaona nyufa.

Jeso ikishakauka, ikwaruze kwa ukucha. Ukitoka unga, ulizidisha maji. Ikwangue uanze upya. Kwa akriliki ngoja siku 1, kwa mafuta siku 3, na katika baridi ya Julai ongeza nyingine mbili.