Je, wajua? Nuru katika mchoro wa wito wa Mathayo haiingilii dirishani

Ndani ya kanisa la San Luigi dei Francesi, jijini Roma, kuna mchoro wenye kimo cha sentimita 322 na upana wa sentimita 340. Yesu anaingia kwenye chumba chenye giza na kumnyooshea mkono mtoza ushuru aliyeketi mezani na wenzake. Ni kazi ya mchoraji Mwitalia Caravaggio ya 1599 hadi 1600, mwanzoni kabisa mwa enzi ya Baroko, mtindo wa sanaa uliotawala Ulaya katika karne ya 17. Biblia ya Kiswahili inasema Mathayo alikuwa "ameketi forodhani", neno ambalo mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa. Ukutani, juu ya mkono wa Yesu, pana dirisha, na mwanga unakata chumba mshazari hadi kwenye nyuso za walioketi.

Mwanga huo unatoka wapi? Kwa miaka mingi ningekujibu bila kusita: dirishani. Nilikuwa nimeuona mchoro huu kwenye picha ndogo ya kitabu, nikaona dirisha, nikaona mwanga, nikaviunganisha. Nikawaeleza na wengine hivyo.

Sasa litazame lile dirisha lenyewe. Vioo vyake havipitishi kitu. Ni vya rangi ya udongo, vimefifia kama karatasi iliyolowa mafuta. Hakuna mwali unaotoka hapo. Mpaka kati ya giza na mwanga ukutani unaanzia kulia kabisa, juu ya kichwa cha Yesu, nje ya ukingo wa mchoro, kisha unashuka kuelekea kushoto. Halafu zitazame nyuso. Mtu akisimama mlangoni adhuhuri nawe uko ndani, huoni uso wake, unaona umbo jeusi tu, kwa sababu jua liko nyuma yake. Kama mwanga ungeingilia dirisha lile lililo nyuma ya meza, watu wote wale wangeonekana hivyo. Lakini mashavu yao yameng'aa upande unaomwelekea Yesu. Chanzo kiko upande wake, na hatukioni.

Kuna jambo jingine ambalo picha ya kitabuni haiwezi kukuonyesha. Mchoro huu umetundikwa ukuta wa kushoto wa kikanisa cha pembeni, kwa hiyo upande wake wa kulia ndio ulio karibu na madhabahu, na juu ya madhabahu pana dirisha la kweli. Caravaggio aliuchora mwanga kana kwamba unatoka huko. Ukuta wa kulia, kwenye mchoro wake wa kuuawa kwa Mathayo, mwanga unatoka kushoto, yaani ni upande uleule wa madhabahu. Lakini dirisha hilo la kweli halitoshi kuangaza michoro. Wageni hutumbukiza sarafu kwenye kisanduku ili taa ziwake.

Lakini rangi ni unga na mafuta tu, haitoi mwanga. Inawezekanaje basi uso uliopakwa rangi uonekane kama umepigwa na jua?

Fikiria mwezi. Usiku wa mbalamwezi unaweza kutembea bila tochi, na mwezi unaonekana mweupe kama maziwa. Uangalie mwezi huohuo saa 3 asubuhi: ni kipande cha wingu kilichochakaa. Mwezi haujabadilika. Uso wake ni mweusi kuliko tunavyodhani. Unarudisha takribani asilimia 12 tu ya mwanga wa jua unaoupiga, karibu na lami iliyochakaa. Weupe tunaouona usiku tumepewa na giza linalouzunguka. Koroboi nayo ni hivyohivyo: iwashe adhuhuri uani na utaitafuta kwa macho, iwashe usiku na nyumba nzima inakusanyika mbele yake. Jicho halipimi mwanga peke yake, linalinganisha kitu na jirani yake.

Caravaggio alilitumia hilo kwa ukali usio wa kawaida. Hakuwa na nyeupe iliyo nyeupe kuliko ya wachoraji wengine, kwa hiyo alizidisha giza. Alianza kwa kupaka turubai rangi ya kahawia iliyokolea, kisha akaziinua kutoka humo sehemu chache tu: shavu, shati, mkono. Sehemu kubwa ya mchoro ni giza lililoachwa kwa makusudi.

Kuhusu namna alivyofanya kazi, tahadhari inahitajika. Giulio Mancini, aliyeishi Roma wakati wake, aliandika kwamba mtindo huu unataka mwanga mmoja kutoka juu, kama katika chumba chenye dirisha moja na kuta zilizopakwa nyeusi. Bellori, mwandishi wa maisha ya wachoraji, alieleza jambo linalofanana mwaka 1672, lakini alizaliwa miaka 3 baada ya Caravaggio kufariki. Hati za mwaka 1605 zinaonyesha mama mwenye nyumba aliyopanga Caravaggio akilalamikia dari iliyoharibiwa, na wapo watafiti wanaosema mchoraji aliipasua ili mwanga ushuke. Inaelekea, ila ni miaka 5 baada ya mchoro huu.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi mwanga huo unavyogawa watu. Yesu mwenyewe amebaki karibu mwili wote gizani, nyuma ya Petro. Tunaona sehemu ya uso, uzi mwembamba wa duara la utakatifu, na mkono. Mezani wako watu 5. Watatu wamegeuka, na mmoja mwenye ndevu ananyoosha kidole kama anayeuliza, "Mimi?" Wapo wasomi wanaoamini kidole hicho kinamwonyesha jirani yake, na kwamba Mathayo ni yule kijana wa mwisho kushoto. Kijana huyo na mzee mwenye miwani aliyemwinamia hawajainua macho. Mwanga umewafikia pia, umetua mezani mbele yao, na wanautumia kuhesabia sarafu.