Sifuri ya mwisho katika idadi ya watu wa Tanzania si dalili ya makadirio

Baadhi ya wananchi bado wanadai kwamba idadi ya watu ya sensa iliyotangazwa hapa Dodoma Oktoba 31, 2022, yaani 61,741,120, ilikadiriwa kwa sababu inaishia na sifuri. Dai hilo halina msingi wa kihesabu. Katika kila namba kumi zinazofuatana, moja lazima iishie na sifuri, na jumla ya watu waliohesabiwa mmoja mmoja inaweza kuangukia hapo kama inavyoweza kuangukia kwingine.

Vigawo tasa vya namba hiyo, yaani namba tasa zinazozidishwa pamoja kuipata, ni 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Kila sifuri ya mwisho huhitaji 2 moja na 5 moja. Hapa 5 ni moja tu, kwa hiyo sifuri ni moja. Mkoa wa Dodoma, wenye watu 3,085,625, una 5 nne bila 2 hata moja, ndiyo maana idadi yake haiishii na sifuri. Hizi ni sifa za namba tu, na anayezitafutia siri kuhusu watu waliohesabiwa anajisumbua bure.

Jambo zito zaidi ni kunakili kwa usahihi. Anayetumia takwimu hizi ajumlishe kwanza tarakimu zote: 61,741,120 hutoa 22, kisha 2 na 2 hutoa 4. Tanzania Bara, 59,851,347, hutoa 42, yaani 6. Zanzibar, 1,889,773, hutoa 43, yaani 7. Na 6 jumlisha 7 ni 13, ambayo nayo hurudi kwenye 4. Matokeo yakitofautiana, kuna kosa. Hata hivyo, aliyeandika 61,471,120 kwa kubadilishana 7 na 4 atapita jaribio hilo bila kugundulika. Kwa hiyo aanzie kulia, ajumlishe na kutoa tarakimu kwa kupokezana, na jibu likiwa hasi aongeze 11: namba sahihi hutoa 1, yenye kosa hutoa 7. Bara na Zanzibar hutoa 6 kila moja, jumla 12, na ukiondoa 11 hubaki 1. Majaribio haya hufichua makosa mengi lakini si yote. Nakala bado ilinganishwe na ripoti yenyewe ya sensa.

Sifuri zinazotutia shaka kweli ni zile za umri. Mtu wa miaka 38 au 41 husema 40, na kosa hilo likirudiwa na wengi huvuruga mipango ya shule na hospitali. Kipimo cha Whipple huchukua watu wa miaka 23 hadi 62 na kuangalia kama wenye umri unaoishia na 0 au 5 wanazidi moja ya tano yao. Mwananchi anaombwa ataje mwaka wake wa kuzaliwa kama anaujua. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inalinda usiri wa taarifa za mtu binafsi, hivyo hana sababu ya kuficha umri wake.