Filamu ya Utafiti Haianzi Baada ya Utafiti Kwisha

Nimepokea tena ombi lile lile: utafiti umekamilika, andiko limechapishwa, maelezo yote yapo, kilichobaki ni picha tu. Anayeniandikia hivyo huwa ni mtafiti makini, ambaye hangethubutu kumwita mtakwimu baada ya kuchapisha na kumwambia kwamba zimebaki namba tu. Lakini kwa kamera haoni tatizo. Kwa kuwa kazi yangu ni kuwafundisha watafiti kutengeneza filamu za hali halisi, na nimechoka kulijibu jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, nalijibu hapa.

Imani yenyewe ni kwamba filamu ni andiko linalosomwa kwa sauti, na picha hutandazwa juu yake ili macho yasichoke. Matokeo yake tunayajua: msimulizi anasoma ikisiri, yaani muhtasari wa andiko, huku mtu aliyevaa koti jeupe akikazia macho chupa ya maji ya buluu yasiyohusiana na chochote. Andiko lina haki ya kutanguliza matokeo, kwa sababu msomaji wake anataka kuyajua kabla ya kuamua kama ataendelea. Filamu huenda na wakati, na mtazamaji hubaki kitini kwa sababu kuna jambo ambalo hata waliomo kwenye picha hawajalijua bado. Ukiniita baada ya kuchapisha, jambo hilo limekwisha kuondoka. Mwanasayansi Mfaransa Étienne-Jules Marey alipounda bunduki yake ya picha mwaka 1882, ikipiga picha 12 kwa sekunde, alitaka kuchunguza jinsi ndege wanavyoruka, na onyesho la kwanza la kulipia la ndugu wa Lumière, waanzilishi wa sinema, mjini Paris lilikuja mwaka 1895. Kamera ilikuwa maabara kabla haijaingia ukumbini.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema. Simu nzuri inatosha kuanzia. Mtazamaji huvumilia picha mbovu kuliko sauti mbovu, kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye maikrofoni ya kubana kifuani. Rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kabla hamjaondoka. Penye umeme wa hezi 50, piga fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde kwa shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/50 ili taa zisipepese.

Kinachonikera zaidi ni imani pacha, kwamba picha ikiwa ya kweli haiwezi kupotosha. Chukua kipimo cha usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Mtaalamu wa maabara hupaka bakteria juu ya agari, jeli ya kukuzia bakteria iliyo ndani ya sahani, huweka diski za karatasi zenye kipenyo cha milimita 6, kila moja na dawa yake, kisha huiacha sahani ndani ya inkubeta yenye nyuzi joto 35 kwa saa 16 hadi 18. Utando wa kijivu hufunika sahani yote, isipokuwa pale dawa ilipouzuia, ambapo hubaki duara safi. Piga fremu moja kila baada ya dakika 2 kwa saa 18, utapata fremu 540, yaani sekunde 21.6 za filamu. Ni picha nzuri ajabu, na kila mhariri ataitaka.

Sasa itazame kama asiye mtaalamu. Duara moja ni kubwa, la jirani ni dogo, na papo hapo umekwisha kuamua kwamba dawa ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Hakuna aliyekwambia hivyo, na si kweli. Ukubwa wa duara hutegemea pia kiasi cha dawa kilichomo kwenye diski na jinsi inavyosambaa ndani ya agari. Dawa ya vancomycin, kwa mfano, ina molekuli kubwa inayosambaa kwa shida. Ndiyo maana kila dawa ina vipimo vyake vya rejea kwenye jedwali, na yenye duara dogo inaweza kuwa ndiyo inayofaa. Tena duara linaonyesha kwamba bakteria hawakukua, na kwa lenyewe halithibitishi kwamba wamekufa. Msimulizi anaweza kuyaeleza hayo yote kwa ufasaha, lakini jicho limekwisha kutoa hukumu. Suluhisho ninalolijua ni kupiga picha ya usomaji wenyewe: mkono unaigeuza sahani, rula inawekwa, milimita zinatajwa, kidole kinashuka kwenye jedwali hadi mstari wa dawa hiyo. Hapo mtazamaji anaona kwamba duara peke yake halijasema kitu.

Kuna jambo ambalo halijanitulia. Taa ya kupigia picha huongeza joto, na matone hujikusanya kwenye kifuniko, kwa hiyo sahani ya filamu huandaliwa kando na ile inayotoa takwimu. Naona ni halali ikitajwa ndani ya filamu, ila maandishi madogo ya sekunde 3 chini ya skrini huniacha na wasiwasi.

Mahojiano nayo yana mtego wake. Mtafiti husema, “Katika sampuli tulizokuwa nazo, dawa hii imeanza kushindwa,” na mhariri, akiokoa sekunde 2, hubakiza “dawa hii imeanza kushindwa.” Kulalamika hakusaidii. Muulize mtafiti, sahani ikiwa mkononi mwake, ni kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Jibu lake litabeba tahadhari ndani ya sentensi inayojitegemea, ambayo mkasi hauwezi kuigawa.

Hata hivyo, nashuku kwamba kadiri filamu inavyotiririka vizuri, ndivyo mtazamaji anavyotoka akiamini ameelewa kuliko alivyoelewa. Kipimo nilichonacho ni hafifu: namwonyesha nakala ghafi mtu asiyeijua fani hiyo, kisha namwomba anisimulie alichokiona, nami nafunga mdomo, jambo ambalo ni gumu kuliko kuhariri. Akianza na duara kubwa, tunarudi mezani kukata upya, hata kama muziki umekwisha kulipiwa.