"Nigga" si "mshikaji"

Hapa Dodoma, vijiweni Sabasaba hata mabwenini UDOM, utasikia vijana wakiitana "nigga" wakiamini ni sawa na "mwanangu". Siyo. Mzizi wake wa Kilatini, niger, ulimaanisha weusi tu. Lakini Marekani, katika utumwa na kisha ubaguzi uliolindwa na sheria, likawa tusi la kumvua mtu utu, likitamkwa hata na makundi ya Wazungu yaliyowanyonga weusi. Baadhi ya Wamarekani weusi huitana hivyo kwa upendo. Wengine hawataki kulisikia, na ninawaelewa: mwaka 2007 chama chao cha haki, NAACP, kililifanyia mazishi ya ishara jijini Detroit. Mgeni wa huko ukikutana naye Nyerere Square, mwite kaka au dada.