Majaliwa si kukata tamaa, na ajali si kisingizio

Matondoni, kisiwani Lamu, nilimkuta fundi amechutama ubavuni mwa mashua iliyopandishwa ufukoni. Alikuwa akitia kalafati: pamba iliyolowa mafuta, patasi, nyundo, ufa mmoja baada ya mwingine. Nikamwamkia, nikamuuliza mashua itashuka lini. "Majaliwa, mwanangu," akajibu. Nyundo haikusimama.

Dhana: Asemaye "majaliwa" amekata tamaa.

Ukweli: Neno limetoka kwenye kujalia, yaani kutunuku. Ndiyo maana twasema fulani kajaliwa mtoto, au "tukijaliwa tutaonana". Ni dua ya mtu ambaye kazi yake anaifanya, ila anajua si yote yaliyo mikononi mwake. Anayelitumia kukwepa kutoa tarehe ya kulipa deni analidhulumu neno.

Dhana: Ajali imeandikwa, kwa hiyo kujikinga ni kazi bure.

Hii ndiyo inayoniuma. Kwenye gati la Mokowe nimemsikia abiria akikataa jaketi la kujiokolea: "Siku yangu ikifika, imefika." Jaketi likabaki chini ya ubao wa kukalia, kamba zake bado zimefungwa fundo la dukani.

Ukweli: Kwa Kiarabu, *ajal* ni muda uliowekwa. Ndilo neno lililomo katika aya ya 34 ya Sura Al-A'raf, kwamba kila umma una muda wake. Ukiisoma methali "ajali haina kinga" kwa maana hiyo, inazungumzia kifo ambacho saa yake imewadia. Kisha neno likahamia kwenye gari lililopinduka na chombo kilichozama, na methali ikahama nalo. Sasa chombo kikipakiwa kupita kiasi, kusi inavuma, injini haijakaguliwa, kikizama tunasema ni ajali, haina kinga. Ina kinga! Mzigo ungepunguzwa. Safari ingengoja upepo utulie. Na kwa wenye kuleta dini hapa, Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi iko wazi: mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali.

Dhana: Kudra na kadari ni kitu kimoja.

Ukweli: Kudra ni uwezo wa Mungu, kadari ni alichokikadiria. Yanakaribiana, ndipo yanapochanganywa.

Dhana: Hatima ya mtu ni jambo lililokwisha kuamuliwa kabla hajazaliwa.

Ukweli: Hatima ni mwisho tu, vyovyote ulivyofikiwa. Hatima ya kesi ya shamba huamuliwa na ushahidi na hakimu, na "hatimaye" haina siri yoyote ndani yake. Neno hili ni la ukoo mmoja na hitima tunayowasomea marehemu wetu, na pia na kuhitimu: yule binti aliyemaliza chuo mwaka huu, aliyekesha na vitabu, naye amefika hatima ya masomo yake.