"Msafiri wa kweli" ni nani? Neno lililomsumbua mwenye baa wa kijijini Uingereza

Katika sheria ya Uingereza ya karne ya 19, "msafiri wa kweli" ni mtu aliyeruhusiwa kuuziwa kinywaji wakati baa imefungwa.

Sheria ya Leseni ya 1874 ilifunga baa za vijijini kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Jumapili ilibana zaidi: bia iliuzwa saa 6:30 hadi 8:30 mchana, kisha saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, basi. Nje ya hapo waliohudumiwa ni wageni waliolala humo, na msafiri.

Msafiri alipaswa awe amelala, usiku uliotangulia, umbali usiopungua maili 3 (karibu kilomita 4.8) kutoka kwenye baa. Maili hizo zilipimwa kwa njia ya umma iliyo fupi kuliko zote. Angalia pia kwamba kinachohesabiwa ni alipolala, si kwao.

Hata hivyo, maili 3 hazikutosha. Safari ya kazi ilikubalika, na matembezi ya kujistarehesha pia. Aliyefunga safari kwa ajili ya bia tu hakuwa msafiri. Wanywaji walijua kulizunguka hili: wa kijiji hiki walikwenda kunywa kile, wa kile wakaja hiki.

Mwenye baa alipokamatwa, faini ilifika pauni 10 kwa kosa la kwanza na 20 kwa yaliyofuata. Mteja aliyejifanya msafiri naye aliweza kutozwa hadi pauni 5. Lakini kilichotisha ni leseni yenyewe. Mahakimu wakitaka, kosa liliandikwa juu yake, na likitimia la tatu, leseni imekwenda.

Utetezi ulikuwepo: mwenye baa athibitishe kwamba aliamini kweli mteja ni msafiri, na kwamba alichukua kila tahadhari ya maana. Kwa vitendo, aulize mlangoni, kabla ya kumimina: umetoka wapi, jana umelala wapi, unakwenda wapi? Kuuliza tu "wewe msafiri?" na kuitikiwa "ndiyo" ni kinga ya karatasi, hasa kijijini, ambako muuzaji anamjua mtu kwa sura, kwa baba yake na kwa mbwa wake. (Aliyechukua leseni ya siku sita, iliyopunguzwa ada kwa sehemu moja ya saba, Jumapili hakuruhusiwa kumuuzia hata msafiri.)

Leseni ilihuishwa kila mwaka mbele ya mahakimu. Mwaka 1891, katika kesi ya Sharp dhidi ya Wakefield, Baraza la Malordi, wakati huo mahakama ya juu kabisa, lilithibitisha kwamba mahakimu hao wanaweza kukataa kuihuisha. Baa iliyohusika ilikuwa Kentmere, bonde la milimani huko Westmorland, na miongoni mwa sababu za kuinyima ni kuwa mbali mno na macho ya polisi.